Neno Nililomwambia Mtani Wangu

Baba yangu alituandikisha kwenye mbio zile kwa sababu ya masikio yake. Padri alitangaza baada ya misa, kwa Kiswahili chake kilichojaa Kifaransa, kwamba vijana wa parokia wangekimbia "marathon". Baba alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, kama desturi yake, ili awe wa kwanza kutoka. Pale mlangoni akasikia "malata". Na malata, kwetu Lubumbashi, ni mabati ya kuezekea nyumba.

Nyumba yetu ya Kamalondo ilikuwa inavuja tangu nizaliwe. Mvua zikianza tulilala tumesogea upande mmoja, baba, mama, kaka yangu na mimi, na mashine ya baba ya kushonea ikafunikwa vizuri kwa turubai kuliko sisi wenyewe. Kwa hiyo baba alifika nyumbani akiwa amekwisha kuezeka paa zima kichwani mwake.

"Padri iko natoa malata!" alimwambia mama. "Mwenye kukimbia mbio atapata malata. Na mi niko na batoto babili ba miguu!"

Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Siku ya pili uwanja wa padri ulijaa wanaume, wengine wenye mvi, wengine wenye vitambi, wote wakidai kuandikwa kwenye mbio za malata. Padri alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaeleza: marathon ni mbio za kilometa arobaini na mbili, na hakuna bati hata moja. Wa kwanza angepata baiskeli, na watano wanaomfuata blanketi kila mmoja. Wazee wakarudi nyumbani wakimlaani baba yangu, na kwa muda wa mwaka mzima hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Baba Malata.

Sisi watatu tulibaki kwenye foleni. Kaka yangu alibaki kwa sababu baba alikuwa amesimama pale na uso umemshuka, na kaka hakuweza kumwongezea aibu. Mimi nilibaki kwa ubishi. Tangu utoto mtu akiniambia jambo haliwezekani, hasira hunipanda na mguu wangu huwa umekwisha kutangulia. Wa tatu alikuwa rafiki yangu, na yeye alibaki kwa sababu ya baiskeli.

Huyo rafiki lazima nimweleze vizuri, maana habari hii yote ni yake. Alikuwa mtoto wa pekee wa mjane aliyepika munkoyo, kile kinywaji chetu cha unga wa mahindi na mizizi, nyumba tatu kutoka kwetu. Mama yule alibeba vyungu kichwani kila siku mpaka sokoni, na shingo yake ilikuwa imeanza kumuuma hata akigeuka aligeuza mwili wote. Rafiki yangu alitaka baiskeli ili vyungu vipakiwe nyuma yake na mama yake atembee akipunga mikono. Alikuwa akisema hivyo hivyo: apunge mikono. Hakuna kingine alichokitaka katika mbio zile.

Tena alikuwa mtani wangu, au kama tunavyosema sisi, munungwe wangu. Ukoo wao ni wa chui, wetu ni wa mbuzi, na kati ya chui na mbuzi wazee wetu waliweka utani tangu huko kijijini, kabla ya mgodi na kabla ya reli. Mtu na munungwe wake hawasalimiani kama watu wengine. Hutukanana. Unaweza kuchukua kofia yake ukaivaa, kula chakula chake akiwa anatazama, kumwambia mama yake kwamba amezaa kitu kibaya, na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika. Akikasirika yeye ndiye mwenye kosa. Na zaidi ya yote, utani wetu ni wa kifo. Ukoo mmoja ukifiwa, ni banungwe wa ukoo mwingine wanaokuja kuchimba kaburi na kuwachekesha wafiwa, na ndiyo maana tangu tukiwa wadogo salamu yetu ilikuwa moja.

"Mbuzi, unangali muzima?" angeniuliza. "Leo nitakukula."

"We kufa tu," ningemjibu. "Kufa, nitakuzika. Suruali yako nitavaa mi."

Tulisema hivyo asubuhi, mchana na jioni, kwa miaka kumi na tano. Nilimpenda kuliko nilivyompenda kaka yangu. Sikuwahi kumwambia, kwa sababu kati ya banungwe hakuna namna ya kulisema jambo kama hilo. Ungelisema, angecheka tu.

Tulianza mazoezi wakati wa baridi. Baba, akitaka kufuta aibu ya malata, alitushonea kaptula tatu kutoka kitambaa kimoja cha kaki, na kwa kuwa kitambaa hakikutosha, ya kaka ilitoka fupi mno akaonekana kama mtoto wa shule aliyekua ghafla. Tulikimbia alfajiri kabla ya kazi. Siku moja tuliingia kwenye barabara za wazungu, nzuri, pana, zisizo na mashimo, na polisi mweusi akatusimamisha kwa filimbi.

"Munakimbia nani?" aliuliza.

Kaka akasema hatumkimbii mtu, tunakimbia tu. Polisi hakuelewa. Kwake, na kwa kila mtu wa wakati ule wa ukoloni, mtu mweusi anayekimbia katika mtaa wa wazungu anakimbia kitu, na kitu hicho kiko nyuma yake au kiko mfukoni mwake. Akatupekua. Rafiki yangu akamwambia kwa uso mkavu kabisa, "Kamata huyu. Ni mbuzi. Batu banamutafuta na kamba." Polisi mwenyewe akacheka akatuachia. Ndivyo alivyokuwa, hata hasira yangu, ambayo siku ile ingenipeleka gerezani, aliizima kwa neno moja.

Tulikubaliana tungekimbia pamoja wote watatu mpaka mwisho, na mwishoni kabisa, kwenye uwanja, yule mwenye nguvu zaidi achomoke mbele. Yeyote atakayepata baiskeli angempa mama wa chui. Hilo lilikuwa neno la kaka, na tulishikana mikono.

Alhamisi kabla ya mbio, nilimkuta rafiki yangu amekaa nyuma ya nyumba yao, kwenye jua la saa saba, amejifunika koti la marehemu baba yake. Meno yalikuwa yanagongana. Nikamshika shingo, ilikuwa moto.

"Uko na homa," nikasema.

"Ni baridi tu."

"Baridi na jua hii?"

Akanitazama, na mara moja hiyo hakutania. "Usimuambie mama," alisema. "Akijua atanifungia mulango. Nakuomba."

Ijumaa alikuwa nafuu. Jumamosi alikula bukari, ugali wetu, sahani mbili na kunitukana vizuri. Nikajiambia imepita. Sikumwambia mama yake, sikumwambia kaka, na sikumwambia padri. Nilitaka akimbie. Lazima niseme ukweli wote sasa, kwa kuwa nimeanza: nilitaka akimbie kwa sababu bila yeye nisingeweza.

Jumapili ile misa ilisomwa gizani ili tuanze mapema. Tulisimama kwenye uwanja wa mpira wa Kamalondo, watu hamsini hivi, wengi peku, wachache na viatu vya turubai. Moshi wa kiwanda cha shaba ulikuwa umelala juu ya nyumba kwa kuwa hapakuwa na upepo. Ulikuwa mwisho wa kiangazi chetu, wakati asubuhi bado ina baridi lakini jua likipanda linachoma. Mama wa rafiki yangu alikuja na chupa mbili za munkoyo zilizozibwa kwa kigunzi cha hindi, moja ya mwanawe, moja yetu sisi ndugu wawili.

"Mi nitangojea ku Karavia, pale ku maji," alituambia. "Mukirudia pale, mutakunywa. Itabakia kidogo tu mufike."

Kisha akanigeukia mimi, kwa maana munungwe wa mwanawe ni munungwe wake. "Na we mbuzi, chui yangu akikukamata ku njia, usilie."

Padri akapuliza filimbi, tukaenda.

Ni lazima nikiri kwamba zile kilometa za kwanza zilikuwa furaha. Tulivuka reli, tukapita upande wa Karavia, tukashika barabara ya Kipushi, na vumbi la watu hamsini likapanda kama tunahama mji. Watoto walitufuata wakaishiwa pumzi. Rafiki yangu alikimbia nyuma yangu hatua mbili akinguruma kama chui, na kila akinguruma mimi nililia "mee", na wale waliokuwa karibu nasi walicheka mpaka wakakosa hatua. Porini miti ilikuwa imeanza kutoa majani mekundu. Vichuguu vikubwa, vingine virefu kuliko nyumba, vilisimama pande zote mbili za njia, na tulipewa alama kwa vichuguu hivyo: padri alikuwa amevipaka chokaa kila baada ya kilometa kadhaa.

Kaka alianza kuchechemea kabla hatujafika mahali pa kugeuka. Viatu vyake vilikuwa vya kuazima na vilikuwa vimemla visigino. Alipovivua, damu ilikuwa imelowesha soksi.

"Muende," alisema. "Mi nitakuya na miguu, polepole. Sitapanda gari."

Kulikuwa na lori la kubeba waliochoka, lakini lilikuwa nyuma ya wote. Tukamwacha kaka. Tulipogeuka, mtu aliyesimama pale akihesabu alituambia kwamba mbele yetu walikuwa watu tisa tu. Tisa! Nilimtazama rafiki yangu, naye alinitazama, na sote wawili tukaona blanketi, na labda, tukijikaza, baiskeli.

Jua likapanda. Sijui kama nimewahi kulichukia jua kama siku ile. Tuliwapita wawili waliokuwa wamekaa kando ya njia wakishika matumbo, kisha wawili, kisha wawili tena. Rafiki yangu aliacha kunguruma. Nikasikia miguu yake nyuma yangu haiko sawa, mmoja unapiga, mwingine unakokota. Nikageuka nikiwa bado nakimbia. Uso wake ulikuwa mkavu, hauna jasho hata tone, na mimi sikujua maana yake. Nilifikiri amepumzika kuliko mimi.

"Chui anachoka!" nikapiga kelele.

Kwenye kichuguu kimoja chenye chokaa alisimama. Kisha akakaa chini, kwenye kivuli kidogo cha kichuguu, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Nikarudi hatua chache.

"Mi nakufa," alisema.

Alilisema kwa sauti ya kawaida. Hakushika kifua wala hakulia. Alikuwa ananitazama na alikuwa anatabasamu kidogo, au mdomo wake ulikuwa umevutika tu, mpaka leo siwezi kusema ni lipi.

Nami nilijibu kama nilivyojibu kila siku ya maisha yetu.

"Kufa basi," nikasema. "Kufa, nitakuzika. Baiskeli nitachukua mi."

Na nikakimbia. Sikugeuka tena, maana nilijua sheria ya mchezo wetu: ningegeuka, ningemkuta anainuka kunifukuza, na ningecheka nikapoteza pumzi. Nilikuwa nikisubiri mngurumo. Kila hatua niliusubiri. Kilometa nzima ilipita nikiwa nimemkasirikia kidogo kwa kuchelewa kunguruma.

Karavia, karibu na maji, palikuwa na wazungu wa Jumapili na viti vyao vya kukunja. Walitupigia makofi. Mmoja alisema "allez, allez, mon petit", yaani kaza mwendo, mtoto wangu, na mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na ndevu. Nilimtazama kwa jicho ambalo siku nyingine lingenigharimu. Mbele yao kidogo, upande wetu wa barabara, mama wa rafiki yangu alisimama na chupa zake mbili.

Aliangalia nyuma yangu, barabara ilikuwa tupu.

"Chui yangu iko wapi?"

Nilikuwa nahema, lakini utani haukosi pumzi. "Analala," nikasema. "Anakaa chini ya kichuguu, anasema anakufa. Nimemuambia akufe, nitamuzika."

Mama yule alicheka. Alicheka kwa sauti mpaka akageuza mwili wote, kwa sababu ya shingo. "Mbuzi anamushinda chui! Basi kunywa na yake," akasema. "Kunywa, apate akili."

Akanipa chupa ya mwanawe. Nikanywa yote, mpaka tone la mwisho, nikimtazama machoni na kulamba midomo ili afurahi. Ilikuwa baridi na tamu kidogo, kama alivyojua kuipika. Nikamrudishia chupa tupu, akanipiga mgongoni, nikaenda.

Nilimaliza wa nne. Padri alinivalisha blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu mabegani, katika jua lile, nikasimama nimejifunika kama mgonjwa, na baba akalia mbele ya watu wote waliomwita Baba Malata. Mimi nilikuwa nimetengeneza maneno ya kumwambia rafiki yangu akiingia. Nilikuwa na maneno mengi, mazuri, yote ya blanketi. Watu wakaingia mmoja mmoja. Nilisimama pale nikirudia maneno yangu kimoyomoyo ili nisisahau hata moja.

Lori liliingia uwanjani likipiga honi. Kaka alikuwa amekaa nyuma, na mama wa rafiki yangu alikuwa amekaa karibu naye, na kati yao mtu amelala. Niliona kaptula ya kaki kabla sijaona uso.

Kaka alimkuta pale pale, kwenye kichuguu, saa nzima na zaidi baada yangu; wengine walikuwa wamempita wakidhani anapumzika. Alikuwa bado anapumua lakini hasemi. Kaka alimbeba mgongoni kwa visigino vile vya damu mpaka lori lilipotokea. Pale Karavia walimchukua mama. Rafiki yangu alikata roho kabla ya kufika mjini, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya mama yake, na dereva, kwa kutojua afanye nini, akamleta kwenye uwanja ambako kila mtu alikuwa anasubiri.

Jioni ile kaka aliniita kando.

"We ulipita pale," alisema. "Hukumuona?"

"Nilimuona."

"Alikuambia nini?"

"Alisema anakufa."

 Kaka alijua salamu yetu. Alijua nilichojibu bila kuniuliza. Alinishika mkono, akauachia, akaenda kukaa na wanaume wengine.

Nilifikiri hilo ndilo lingekuwa zito kuliko yote, lakini kulikuwa na kilio, yaani msiba, na kwenye kilio cha ukoo wa chui mimi nilikuwa na kazi. Nani angechimba? Nani angewachekesha wafiwa? Banungwe. Na nani alikuwa munungwe wake wa kwanza, anayejulikana mtaa mzima? Nilichimba kaburi asubuhi na vijana wengine wa ukoo wetu. Blanketi langu la kijivu walimviringishia, na nilifurahi kuondokana nalo. Kisha tukarudi nyumbani kwao, na bibi mmoja wa ukoo wao, mwenye sauti ya tarumbeta, akaita kutoka kati ya wanawake waliokaa chini:

"Munungwe iko wapi? Anakaa kimya sawa mugeni! Mutuchekeshe, roho zinatukauka!"

Wenzangu walianza. Mmoja alivaa koti la marehemu akatembea kama yeye, mwingine alichukua sufuria ya wanawake akadai alipwe ndipo airudishe. Watu wakacheka na kulia kwa pamoja, kama inavyopaswa. Kisha wote wakanigeukia mimi. Mama yake alikuwa amekaa ukutani, kichwa kimefungwa kitambaa, macho yamevimba. Na mimi, badala ya utani, nilipasuka.

"Ni mi nilimuua!" nilisema. "Alikuwa na homa Alhamisi, nilijua, nikanyamaza! Aliniambia ku njia anakufa, nikamuambia kufa! Nikamuacha, nikakimbia sababu ya baiskeli! Ni mi!"

 Kisha yule bibi mwenye sauti ya tarumbeta akapiga mapaja yake.

"Mbuzi amekula chui!" akasema.

Na nyumba nzima ikacheka. Walicheka kuliko walivyowachekea wenzangu wote. Mtu alinirushia unga usoni. Mtu alisema huyu ndiye munungwe wa kweli, wa zamani, wa kijijini, asiyeogopa neno. Nilipiga kelele kwamba ni kweli, ni kweli, na kila niliposema ni kweli walizidi kucheka, wakashikana mabega wakafuta machozi. Nilimtafuta mama yake kwa macho katikati ya unga. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mabega yanatikisika, na sikuweza kuona ni kicheko au ni nini.

Niliwachukia. Ninasema wazi, niliwachukia wote, na desturi yetu niliichukia, na wazee waliotuachia utani huo niliwachukia kaburini mwao. Mtu mwingine akikosa, huitwa na wazee, hukalishwa, hulipishwa kuku au mbuzi, na jambo likaisha. Mimi nilikuwa munungwe. Munungwe hana kosa. Hakuna baraza la kumhukumu munungwe kwa neno alilolisema, na kama hakuna wa kunihukumu, nani angenisamehe?

Nilikaa majuma matatu bila kupita mbele ya nyumba ile. Nilizunguka kwa njia ya nyuma kwenda kazini. Siku moja, mchana, nilikaza roho nikaenda. Mama yule alikuwa peke yake uani, amechuchumaa, anaosha vyungu vya munkoyo katika karai. Alikuwa amerudia kazi yake. Sokoni alikuwa akienda na vyungu kichwani kama zamani. Nilichuchumaa mbele yake ili macho yetu yawe sawa.

"Mama," nikasema, "nimekuya kusema. Na hii haiko masihara."

Nikamwambia tena, polepole, bila kelele. Koti kwenye jua. Kichuguu. Uso usio na jasho. Neno alilosema na neno nililojibu.  Mkono wake uliendelea kuzunguka ndani ya chungu, ukaanza kupunguza mwendo, ukasimama.

"Haiko masihara?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Pale ku Karavia uliniambia hivi hivi," alisema. "Anakaa chini, anasema anakufa. Uliniambia maneno haya haya, nikasikia na masikio yangu. Na mi nilicheka. Nilikupa munkoyo yake." Alikuwa ananitazama bila kupepesa. "Kama haiko masihara, basi mi nilikuwa nacheka nini?"

 Jambo hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Kwa majuma matatu nilikuwa nimejifikiria mwenyewe tu, na dhambi yangu, na nani atanisamehe. Yeye mwenyewe bado alikuwa amesimama palepale barabarani na chupa tupu mkononi na kicheko chake, na sikumwona.

Majirani walikuwa upande wa pili wa ua, tuliwasikia wakitwanga. Mama yule aliinuka kwa shida, akashika karai kwa mikono miwili, akanimwagia kichwani maji yote, machafu, yenye makapi ya mahindi. Kisha akapaza sauti ili wa upande wa pili wasikie utani tu, si zaidi:

"Mbuzi wa bure! Umekuya tena kuiba munkoyo yangu! Toka!"

Kule nyuma ya ua walicheka. Naye alicheka pamoja nao, kwa mdomo tu. Na mimi, nikiwa nimechuchumaa pale na maji yananitiririka machoni, nilicheka pia, kwa sauti, ili asicheke peke yake. Kisha nikaenda nyumbani. Baba alikuwa mlangoni kwenye mashine yake, akaniuliza nimepatwa na nini. Nikamwambia banungwe wamenimwagia maji, naye akacheka, akaendelea kushona.